Enoch Tranter Agonga Mitutu

Baba yangu, Enoch Tranter, hajui kutulia. Ana miaka sabini na sita. Arobaini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia Birmingham akitengeneza mitutu ya bunduki, na tangu arudi kwetu Shropshire hakuna mtu kijijini anayenunua bunduki ya zamani bila kumwita kwanza. Akisema nzuri, ni nzuri. Akisema mbovu, muuzaji huirudisha kabatini kimya kimya.

Jumamosi ile nilimpeleka kwa Mama Lacon, mjane aliyekuwa akiuza bunduki ya mitutu miwili ya babu wa mumewe. Mnunuzi, Bwana Beddoes, mfugaji wa kondoo, alikuwa ameshafika. Njia nzima Baba alifungua dirisha la gari na kulifunga, akalifungua tena. Nilijua kinachomsumbua, na nilikuwa nimemkasirikia. Masikio yake yalikuwa yanakwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia mara mia. Naye kila mara hunijibu kwamba mimi ndiye ninayenong'ona.

Kazi aliianza vizuri. Alihakikisha bunduki haina risasi, akaitikisa aone kama bawaba imelegea. Haikulegea. Akaitoa mitutu kwenye kitako, akaielekeza dirishani na kuchungulia ndani, akiizungusha polepole kutafuta kutu na mibonyeo.

"Nani alikuwa anaisafisha hii?" aliuliza.

"Marehemu," alisema Mama Lacon. "Aliipapasa kuliko alivyonipapasa mimi."

Beddoes alicheka mpaka chai ikamwagika. Baba hakucheka. Alikuwa akiizunguka meza, kama mtu aliyesahau kitu.

Likabaki jambo moja. Kati ya mitutu miwili kuna ubapa wa chuma uliolehemiwa. Lehemu ikiachia, maji hupenya chini yake na kukila chuma pasipoonekana, mpaka siku moja mtutu unapasukia kwenye mkono wa mpigaji. Njia ya kujua ni kuining'iniza mitutu kidoleni na kuigonga. Ikiwa mizima, hulia kama kengele.

Aliining'iniza. Sote tukatega sikio. Akaigonga kwa kifundo cha kidole.

Ilitoa sauti ya ndoo iliyopasuka. Baba akagonga tena, na tena, yeye ambaye siku zote aligonga mara moja tu. Akikosea, ama nimwaibishe mbele ya watu, ama ninyamaze na Beddoes apoteze vidole.

"Nzuri," alisema Baba.

Kabla sijafumbua mdomo, Beddoes alikwishanyoosha mkono. "Basi naichukua."

"Ngoja kwanza." Baba alikuwa akinitazama usoni. "Beddoes, wewe umesikia nini?"

"Mimi? Kama ndoo mbovu hivi, mzee. Lakini mimi najua nini zaidi ya kondoo? Wewe ukisema nzuri, ni nzuri."

"Na wewe, mama?"

"Ndoo," alisema Mama Lacon. "Nikaona nani mimi wa kukubishia."

Baba aliiweka mitutu mezani, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu tuingie.

"Usinunue," alimwambia Beddoes. "Sikusikia kitu. Zaidi ya mwaka sasa, sisikii kitu."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Sikuwahi kufanya hata kimoja. Alikwishasimama, anatafuta kofia.

"Washa gari. Twende kwa Preece, yule jirani yetu. Bunduki yake niliipitisha mwezi wa tatu, na leo yuko msituni anawinda na wenzake."

"Ni bunduki ya Preece peke yake uliyoipitisha bila kusikia, Baba?"

Hakunisikia. Ikabidi nipige kelele, mbele ya wote, niulize tena.

"Ni saba," alisema.