Nilivyopima Masega kwa Rula

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na robo asubuhi, lango la shule likiwa bado limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alinitazama kupitia matundu ya lango, akauliza, "Wewe ni mzazi, au ndiye fundi wa choo?"

"Ni mwalimu," nilisema.

"Walimu huja saa moja kasoro. Fundi ndiye tunamngoja kwa hamu."

Hata "mwalimu" haikuwa kweli kamili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita tu, chuo cha ualimu sikuwahi kukiona. Shule ilikuwa ya msingi, ya masista, nje kidogo ya mji wa Kibondo, nami niliajiriwa kuwa mlezi wa shughuli za ziada. Sasa nina miaka thelathini na moja na kazi hiyo nimeiacha baada ya miaka saba. Watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu za kazi, lakini kuna kijana amechukua nafasi yangu na wengine watamfuata. Nataka wajue kazi ilivyofanywa. Nataka pia wajue nilivyomtoa mtoto klabuni kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Shughuli za ziada ni yale yote mtoto anayofanya shuleni ambayo hayaulizwi kwenye mtihani. Kwetu zilikuwa Jumatano na Ijumaa, saa nane na nusu mchana hadi saa kumi. Tulikuwa na kwaya, midahalo, ushonaji, mpira na nyuki. Kila klabu ina mlezi, yaani mtu mzima anayebeba lawama. Wenzangu waligawana klabu nyingine kabla sijamaliza kusalimia. Ya nyuki ilibaki.

Sista Mkuu, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, alinikabidhi daftari kubwa lenye jalada jeusi na ufunguo wa stoo.

"Unajua nini kuhusu nyuki?" aliuliza.

"Wanauma, Sista."

"Basi umeshafika mbali kuliko aliyekutangulia. Kila siku ya klabu utaandika ulichokiona. Usiandike ulichotamani kukiona."

Maneno hayo niliyaandika ndani ya jalada, kwa wino, na kuyapigia mstari kwa rula. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kitu kikiandikwa vizuri nilidhani kimeshafanyika.

Ufugaji nyuki nilijifundisha mwenyewe, kwa kijitabu cha bwana nyuki wa wilaya na kwa video za simu nilizozitazama hadi bando likakata. Shule ilikuwa na mizinga sita ya kisasa, yaani masanduku yenye fito juu, ambapo nyuki hujenga masega yao kila sega kwenye ufito wake. Mahali mizinga inapokaa panaitwa manzuki. Manzuki yetu ilikuwa nyuma ya shamba la mihogo la shule, ndani ya kipande cha msitu wa miombo kilichozungushiwa waya. Sheria ilikuwa moja: hakuna mwanafunzi kuingia bila mlezi.

Tulipaka nta ndani ya mizinga kuwavuta nyuki, na kabla ya Krismasi makundi yalikuwa yameingia katika mizinga minne. Nilifurahi kuliko inavyofaa. Kwenye klabu Kiha, lugha ya nyumbani kwao, kiliruhusiwa, tofauti na darasani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba watoto wengi wananizidi kwa kuwajua nyuki. Aliyenizidi kuliko wote alikuwa Evelina, wakati huo wa darasa la tano, msichana mwembamba anayesema taratibu. Babu yake, Mzee Bigirimana, alitoka Burundi akiwa kijana, akapata uraia huku, na tangu hapo alikuwa akitundika mizinga ya magogo upande wa Murungu. Siku moja Evelina aliniona nikifungua mfuniko, akasema, "Mwalimu, babu hafungui. Anaweka sikio tu."

"Babu yako hana daftari la kujaza," nilimjibu. Watoto walicheka. Nilijiona nimesema kitu cha maana.

Mwezi wa kwanza Sista Mkuu alitangaza mstarini kwamba mshumaa wa Pasaka wa parokia mwaka huo utatengenezwa kwa nta ya mizinga yetu. Miaka yote ulinunuliwa. Watoto walipiga makofi. Mimi usingizi uliniruka tangu siku hiyo.

Sasa niseme nilichofanya. Mzinga hufunguliwa mara chache, labda mara moja kwa wiki kadhaa, na kwa sababu. Kijitabu kilisema hivyo na nilikuwa nimekisoma. Mimi niliifungua yote minne Jumatano na Ijumaa pamoja na watoto, halafu asubuhi nyingine nikaifungua peke yangu kabla ya kengele. Nilitaka kujua kama nta inatosha. Nilifukiza moshi, nikatoa ufito mmoja mmoja, nikapima urefu wa kila sega kwa rula ya sentimita thelathini, nikajaza jedwali. Ukurasa ule bado upo. Ni mzuri sana. Mistari imenyooka.

Jumatatu moja mwezi wa pili niliufungua mzinga wa kwanza na hakukuwa na kitu. Masega yalikuwepo, makavu, machache mno kwa mshumaa, na wadudu wadogo weusi wakitembea juu yake. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Nyuki wa kwetu wakisumbuliwa hawavumilii. Huhama wote pamoja na malkia wao, na hawarudi kuchukua chochote.

Nilifunga mifuniko. Nilirudi stoo, nikakaa juu ya ndoo, nikafungua daftari, nikaandika: "Nyuki wapo, watulivu."

Niliandika sentensi hiyo mara nne, kwa siku nne za klabu. Watoto niliwapeleka kupalilia kandokando ya waya, nikawaambia nyuki wanahitaji utulivu kwa ajili ya mshumaa. Walipalilia kwa kunong'ona. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka, ule mnong'ono wao.

Evelina hakuridhika. Siku moja wakati wa mapumziko aliinama chini ya waya, akaenda kuweka sikio kwenye mzinga. Mwalimu wa zamu alimwona akitoka na akamleta ofisini. Tulikuwepo Sista Mkuu, Mwalimu wa Taaluma, ambaye ndiye msimamizi wa masomo, na mimi.

"Ulikuwa unafanya nini manzuki?" aliuliza Sista.

"Nilisikiliza, Sista. Nyuki hawapo."

Tukaenda wote kuangalia. Sista Mkuu mwenyewe aliinua mfuniko wa kwanza, bila kofia ya wavu wala moshi, akaona. Akaurudisha polepole.

"Nani amewafukuza hawa?"

"Si huyu hapa amekutwa?" alisema Mwalimu wa Taaluma. "Mtu anakamatwa na kuku mkononi, unamtafuta nani tena?"

Sista alinigeukia. "Mlezi?"

Jibu lilikuwa moja tu na nilikuwa nalo. Nilisema, "Inawezekana, Sista. Nyuki hawapendi kusumbuliwa."

Kila neno la sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nimeitafakari kwa miaka na sijapata kisingizio ndani yake.

Evelina hakulia. Alisema, "Mwalimu, mimi nilisikiliza tu," akiniangalia mimi, si Sista. Kesho yake jina lake lilisomwa mstarini: ameondolewa klabu ya nyuki kwa kuvunja sheria na kuwakosesha wenzake mshumaa. Wenzake, ambao sasa walikuwa darasa la sita, walimpa jina papo hapo, wakawa wanamwita Kiberiti, yaani kiberiti kisicho na mshumaa wa kuwasha. Siku ile ile mtoto mmoja alikataa kukaa naye dawati moja.

Mzazi wa mtoto aliyeadhibiwa huitwa shuleni. Alikuja babu yake, kwa baiskeli, amevaa koti la suti na viatu vya mvua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani kwetu, za wazazi, za mvua, mpaka nikaanza kutokwa jasho. Kisha akaomba aione mizinga. Sista akanituma nimpeleke.

Hakutazama ndani. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mfuniko. Nyuki huziba kila mwanya kwa gundi yao nyeusi, na mtu akifungua lazima aikwangue kwa kisu. Wakiziba tena anakwangua tena, na mbao inabaki na kumbukumbu.

"Mwanangu, huu mfuniko umefunguliwa mara ngapi?"

Nilitazama kile kidole.

"Yewe, hii mbao imenyolewa kama kichwa cha askari." Akaenda kwenye mzinga wa pili, wa tatu, wa nne, kidole gumba kile kile. "Mjukuu wangu ana kisu?"

"Hana, Mzee."

"Nani ana kisu?"

"Mimi."

Alifuta kidole kwenye koti. Nilidhani atapiga kelele. Aliangalia miti tu. "Hata mimi niliwahi kufukuza, nikiwa kijana. Nilikuwa na haraka ya kuoa. Lakini mimi sikusema ni dada yangu."

"Utamwambia Sista?"

"Oya, hapana. Mimi sina la kusema. Nimekuja kwa baiskeli, narudi kwa baiskeli." Alichukua baiskeli yake palipokuwa na waya. "Wewe ndiye unakaa hapa."

Niliingia ofisini kwa Sista Mkuu na daftari mkononi, kwa sababu sikuamini kwamba ningeweza kusema bila karatasi. Nilimfungulia kurasa za jedwali kwanza, halafu zile nne. Alisoma kwa muda mrefu.

"Ulipima kwa rula?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa sentimita?"

"Na milimita."

Midomo yake ilicheza kidogo, nikadhani atacheka. Kisha akafika kwenye "Nyuki wapo, watulivu", na uso ukakunjamana.

"Nyuki watarudi au hawatarudi, hilo si langu. Mtoto umemwondoa mbele ya watu. Utamrudisha mbele ya watu."

"Naweza kuandika barua ibandikwe kwenye ubao wa—"

"Barua utaiandika vizuri sana. Ndiyo maana sitaki barua."

Ijumaa nilisimama mstarini mbele ya watoto wote na walimu wote. Nilikuwa nimekariri maneno na yote yalipotea. Nilisema tu kwamba nyuki niliwafukuza mimi kwa kuwafungua kila mara, kwamba nilidanganya daftarini, na kwamba Evelina ndiye pekee aliyesema ukweli na mimi nikamwacha aadhibiwe. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliuliza kwa sauti, "Na yeye ataitwa Kiberiti?" Walimu waliinamisha vichwa. Mwalimu wa Taaluma alijifanya anakohoa.

Baada ya hapo nilimfuata Evelina, nikamwambia nafasi yake klabuni ipo, na kama anataka atakuwa kiongozi wa klabu.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Lakini nimeshajiandikisha ushonaji."

Nilingoja siku za klabu zilizofuata. Hakurudi, wala mwaka uliofuata hakurudi. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kosa likikiriwa vizuri linafutika, kama jibu lililosahihishwa. Alinisalimia kila siku kwa heshima na alishona vizuri.

Mshumaa wa Pasaka mwaka ule ulinunuliwa. Mwaka uliofuata makundi mawili yaliingia mizingani na niliyaacha. Mzee Bigirimana alinifundisha kuinua mzinga upande mmoja kupima uzito wake na kuweka sikio kwenye mbao. Kundi lenye afya huvuma kwa sauti moja ya chini. Ukigonga kidogo, sauti hupanda na kushuka mara moja. Tulikamua nta, yeye akaongeza donge lake, na watoto wakamimina mshumaa juu ya uzi wa pamba, tabaka kwa tabaka. Ulipinda. Niliomba tuuyeyushe tuanze upya. Sista Mkuu aliuchukua mikononi mwangu, akasema, "Huu umeshatosha," na uliwaka hadi Pentekoste ukiwa umepinda.

Baada ya miaka mitano masista walinihamishia shule yao ya Kasulu. Huko nako nililea klabu ya nyuki, na mkubwa wangu alikuwa Padre Meneja, msimamizi wa shule, mtu mkarimu aliyependa ngao za ushindi. Kila klabu ikirudi kutoka mashindanoni alisimama mlangoni mwa ofisi yake na kuuliza, "Ngao iko wapi?" Nilimweleza kwamba nyuki hawashindani. Alisema hajawahi kuona klabu isiyoshindana, akafikiri, akasema tena, "Basi niletee asali." Tuliishi vizuri.

Nilikuwa nimerudi Kibondo kusalimia, mwaka jana, nilipokutana na Evelina stendi, akipanda gari la kurudi shuleni. Yuko sekondari. Alipiga goti kidogo kuniamkia kama zamani. Babu yake bado ana nguvu, alisema, na likizo huenda naye kwenye mizinga.

"Bado unaandika kwenye lile daftari, Mwalimu?"

"Bado."

"Siku usipojua kama wapo, unaandika nini?"

"Naandika sijui."

Alifikiria. Kondakta alikuwa anaita. "Hiyo ni sawa," alisema, akapanda.

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa stoo ya Kasulu kwa kijana aliyechukua nafasi yangu, mhitimu wa chuo cha ualimu, nadhifu, amefika saa nzima kabla ya wakati. Alipekua daftari na kusimama mahali pengi.

"Samahani kaka, hapa umeandika 'sijui' mara nyingi. Ukaguzi ukija tutasemaje?"

Nilimwambia aache kama palivyo. Tukaenda manzuki, tukaweka sikio kwenye kila mzinga, na kwenye wa nne upepo ulikuwa mwingi mno, hatukuweza kusikia kama nyuki wapo. Aliniomba niufungue mara moja tu, ili makabidhiano yawe kamili. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilichukua kalamu badala yake, nikaandika kwa hati yangu nzuri: "Mzinga wa nne: sijui," nikatia sahihi, na yeye akatia yake.