Mtoto Si Ndizi ya Kuvundikwa

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha namshukuru Mungu. Nilikuwa mke mpya kule Kinangop, na mzaliwa wangu wa kwanza alikuwa bado mchanga kabisa. Kinangop, kwa asiyepajua, ni mahali pa baridi kwenye nyanda za juu. Kuna asubuhi umande huganda juu ya nyasi. Huko mtoto huvishwa sweta, kofia ya sufu na soksi, kisha hufungwa shali mpaka ibaki pua. Hatukufundishwa na mtu. Tuliwaona mama zetu wakifanya, nasi tukafanya.

Siku hiyo nilikuwa jikoni karibu na moto, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka, mtoto mapajani na nguo zake zote. Mama mkwe wangu akaingia na kuni. Hakunisalimu. Aliweka mzigo chini, akapenyeza vidole nyuma ya shingo ya mtoto, akanitazama.

"Wewe, mama," akaniuliza, "unalea mtoto au unavundika ndizi?"

Ndizi, kama hujui, hufunikwa na kufungiwa joto ili ziive. Akamvua mtoto kofia, akamvua shali aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka mlangoni penye hewa. Akaniambia, "Hii shali ni ya baridi, si ya mtoto. Baridi ikiondoka, nayo iondoke. Uliza shingo kwanza, ndipo uvishe."

Nilinuna siku nzima. Ukiwa kijana unadhani kukosolewa ni kuchukiwa. Lakini neno la mkubwa ni kama mbegu, huota mvua yake ikifika. Na mvua ya neno hili ilinifikia mbali sana na Kinangop, nikiwa tayari shosho, bibi mwenye mvi.

Korona ilipoingia nilikuwa Sydney, nimekwenda kumtembelea binti yangu Wambui, nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikwenda kwa muda mfupi tu. Mipaka ikafungwa nikiwa ndani. Nilimnung'unikia Mungu kidogo, sikufichi, lakini Yeye alijua alitendalo. Kabla mipaka haijafunguliwa Wambui alijifungua mtoto wa kike, Imani, na mimi nikawa mikono pekee ya ukoo iliyokuwapo kumpokea.

Wakati wa kumtoa mtoto mbele za Bwana ukafika. Makanisa yalikuwa na masharti mengi, na jamaa hawangeweza kusafiri, kwa hiyo tukakubaliana tukutane kwa Zoom, mchungaji wetu na ukoo wote wakiwa kule nyumbani. Walichagua saa tatu asubuhi. Saa tatu yao, Januari, ni saa kumi na moja jioni ya Sydney. Na jioni hiyo, mwanangu, jua lilikuwa limeuchoma mtaa wetu wa Merrylands tangu alfajiri. Tuliishi ghorofa ya juu, dirisha la sebule likitazama magharibi. Matofali yalikuwa yakitapika joto, na feni ilizungusha joto lilelile. Wambui alikuwa amemvisha Imani nepi na fulana nyepesi ya pamba, basi.

Kioo cha kompyuta kikawaka. Jamaa wote, makoti! Mvuke ukiwatoka midomoni. Mbele kabisa aliketi wifi yangu Nyambura, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mtu ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza.

"Wambui!" akaita hata kabla ya salamu. "Huyo mtoto mbona uko naye uchi kama kipanya? Soksi ziko wapi?"

"Tata," Wambui akamjibu shangazi yake, "huku leo ni joto ya ajabu."

"Joto! Joto iliua nani? Baridi ndiyo huua. Na ile shali ya mama yangu nilikutumia ya nini, ufunike televisheni?"

Watu wakacheka. Mmoja akatupia kutoka nyuma, "Mwacha mila ni mtumwa!" wakacheka tena.

Wambui akanitazama. Kazini ni nesi. Mbele ya shangazi yake ni mtoto. Nami sikutaka kumvunjia wifi yangu heshima mbele ya mchungaji. Basi Imani akavishwa sweta, kofia na soksi, na juu ya yote ile shali ya mama mkwe wangu, iliyowafunika watoto wote wa nyumba ile. Nyambura akafuta machozi ya furaha. Ibada ikaanza.

Mwanzoni Imani alilia. Mchungaji akaendelea. Baadaye mtoto akaacha kulia, na Nyambura akanong'ona kwa sauti iliyosikiwa na wote, "Mwoneni alivyotulia. Amejua ni siku yake." Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni kwa Wambui. Nikauona uso wa mtoto umeiva wekundu, macho nusu wazi. Wambui alikuwa amejaribu kumnyonyesha chini ya shali, na mtoto hakutaka. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, mwanangu. Vidole vikaingia nyuma ya shingo. Ilikuwa kama kugusa sufuria.

"Mchungaji," nikasema, "nisamehe. Tusimamishe maombi."

"Wifi, kuna nini?" Nyambura akauliza kwa ukali. "Maombi hayakatwi!"

"Wifi, shali hii aliifuma mama yako. Na mama yako ndiye aliyeniuliza jikoni kwake kama ninalea mtoto au..."

Sikumaliza. Kule kwenye kioo Nyambura alishika mdomo. "Au unavundika ndizi," akasema polepole. Kisha akapaza sauti, "Mvueni! Wambui, mvue huyo mtoto, upesi!"

Wambui alishaanza. Tulimbakisha na nepi, tukamkimbiza chumba cha nyuma kisichopigwa na jua, tukampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Si maji ya baridi. Hayo humshtua mtoto. Wambui akapiga simu ya ushauri wa wauguzi. Akaambiwa amnyonyeshe, amtazame sana, na akibaki mlegevu au akikataa titi, aite ambulensi bila kungoja. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikuwa na maneno mengi, nilimwita Mungu tu.

Imani akafumbua macho, akatafuta titi, akanyonya kama aliyefunga siku nyingi. Kisha akalia kilio cha hasira, kizuri! Na alipolowesha nepi, Wambui nami tulishangilia hata majirani wakasikia. Tuliporudi sebuleni kulishapoa kidogo, na jamaa wote walikuwa bado wamepiga magoti na makoti yao. Mchungaji akambariki mtoto akiwa na nepi peke yake. Shali tuliitandaza juu ya kiti, ili bibi wa kale naye awepo.

Basi, mwanangu, unapolea mahali pa joto, sikiliza. Usiogope kumvua mtoto. Mzazi hapimi upendo kwa idadi ya nguo. Usidanganywe na mikono na miguu, mara nyingi hiyo huwa baridi bure. Uliza shingo na kifua. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida, na ikiwa hajafika miezi sita usimpe maji mpaka daktari au nesi akuambie. Nawaona vijana madukani wakifunika kigari cha mtoto kwa leso ili kukinga jua, nami moyo hunilipuka, maana hewa haipiti, na hapo ndipo mnapovundika. Usimwache ndani ya gari hata kwa kwenda kuchukua mkate. Alalapo, kichwa kiwe wazi. Na mtoto aliyenyamaza ghafla kwenye joto usimsifu kwa utulivu. Mguse, na akiwa mlegevu tafuta msaada mara moja. Heshima kwa wakubwa ni njema, lakini mkubwa aliye mbali hana mkono wa kugusa shingo. Wewe unao.

Siku hizi Nyambura akipiga simu haulizi tena soksi. Anasema, "Shingo inasemaje?" nasi tunamjibu, "Inasema asante."

Mungu aliyeumba baridi ya Kinangop ndiye aliyeumba jua la Merrylands, na katika yote mawili hakosi kutulinda. Akujalie mkono unaosikia kabla ya mdomo kusema, akukuzie mtoto wako, na mtoto huyo siku moja auweke mkono wake nyuma ya shingo ya mjukuu wako. Amina.