Safari Niliyosindikizwa na Basi la Kanisa

Jina langu ni Moraa, nafundisha Jiografia, na ukifika Birongo ukaulizia Mwalimu Moraa watu watakuangalia tu, lakini ukiulizia Marekani, hata mtoto wa nasari atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwetu. Marekani ni mimi. Sijawahi kufika Marekani, sijawahi hata kupanda ndege, na hilo jina nililipata kwa aibu ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimefunika uso huku nimeshika mwiko. Wacha niwasimulie mwenyewe, kwa sababu naona kila mtu anaisimulia vile anataka, na ile video aliyorekodi jirani yetu Mama Duke haionyeshi mwanzo.

Mwanzo ni kwamba mimi na rafiki yangu Nyaboke, fundi wa nguo pale Suneka, tulikuwa tumepanga kuvuka Tanzania kwa baiskeli. Tuingilie Sirari, tupite Mwanza, Singida, Dodoma, tutokee Mbeya, likizo yote ya Desemba. Ramani tulikuwa tumeibandika ukutani nyuma ya cherehani yake, na kila Jumapili nilikuwa nateremka Suneka tunafanya mazoezi, tunabishana kama tutabeba jiko ama tutakula hotelini, tunapanga tukifika mahali hakuna maji tutafanya nini. Baiskeli yangu ilikuwa inalala dukani kwake, kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua kwamba niko nayo. Kwetu baiskeli ni ya kubebea ndizi na maziwa, mwenye kuiendesha ni mwanamume, na hata yeye akifika mlimani anashuka anaisukuma. Sasa mwalimu mzima, msichana ambaye bado hajaolewa, aonekane amekalia baiskeli na suruali ya kubana akielekea nchi ya watu? Nilijua mama yangu atalala barabarani nimpite juu.

Kwa hivyo nilifanya uamuzi mmoja mdogo sana (ni huu ndio ulinimaliza): nitamwambia mama nasafiri, lakini habari ya baiskeli nitaiacha.

Nilimwambia asubuhi moja tukichuma majani chai. Aliuliza kama likizo nitamsaidia na shamba, nami nikasema, "Mama, Desemba hii sitakuwepo. Nasafiri nje ya nchi, mimi na Nyaboke."

Mkono wake ukasimama juu ya majani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, nchi gani, mnaenda na nini, mtalala wapi, lakini aliangalia upande wa ua wa jirani yetu, Mama Duke, ambaye alikuwa ameinama kwenye chai yake, kisha akanisogelea na kuongea kwa sauti ya chini.

"Usiseme tena," akasema. "Usiniambie ni wapi, usiniambie mnaenda aje. Jambo kama hili likisemwa mapema linaharibiwa. Kuna macho."

Hiyo ndiyo desturi yetu, mtu akipata safari kubwa nyumba yote inainyamazia, hata mezani inaitwa tu "ile kitu", mpaka siku ikaribie, ndipo watu wanaitwa, wanapika, wanaomba, wanamsindikiza. Mimi nikashukuru Mungu, nikaona baiskeli imepona. Mama akarudi kuchuma, na baada ya muda nikamsikia anaimba, na mimi, kichwa maji, nikajiambia kumbe mama yangu anapenda Tanzania hivyo.

Kuanzia hapo sikuelewa kitu tena. Wa kwanza kunichanganya alikuwa baba mdogo, Ombati, aliyekuja na jaketi kubwa la baridi kutoka mitumba ya Kisii, zito, lenye manyoya kwenye kofia, akaniambia nilivae nione kama linanitosha. Nililivaa jua likiwaka. Nikafikiria, hili la nini, halafu nikakumbuka Mbeya kuna baridi, nikamheshimu baba mdogo sana, kwamba amefanya utafiti. Kisha mzee wa kanisa akanisimamisha baada ya ibada ya Sabato, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mwalimu, mizigo wamewaruhusu kilo ngapi?" Nikamjibu kwamba ni kadiri miguu yetu itakavyoweza. Alitikisa kichwa polepole, akasema kweli mimi ni mtu wa imani. Akaongeza kwamba nijihadhari na theluji. Nikamwambia (mwalimu wa Jiografia huyo, jamani) kwamba theluji iko upande wa Kilimanjaro peke yake na sisi hatutafika huko. Aliniangalia, nikamwangalia, tukaagana.

Lakini aliyenivuruga kabisa ni shangazi kutoka Nyaramba. Alikuja na pakiti ya chinsaga, ile mboga yetu, ameikausha vizuri, pamoja na unga wa wimbi umefungwa kwa nailoni mara nyingi, akanipa kwa mikono miwili. "Mpelekee Kemunto," akasema, "na umwambie mimi bado niko." Kemunto ni binti yake, na Kemunto alienda Marekani zamani. Nilitaka kuuliza, lakini shangazi alikuwa ameweka kidole mdomoni, na macho yake yamejaa machozi. Sasa ningefanya nini? Nilienda kulala nimeamua kwamba Kemunto amehamia Dodoma na familia bado haijataka kusema.

Mnajua kucheka, lakini mjaribu kukaa kwa nyumba ambayo kila mtu anaongea habari zako na ukiuliza unaambiwa shhh.

Jumapili ya kuondoka, mpango wangu ulikuwa rahisi: mama alisema wataniombea na watu wachache, kwa hivyo niombewe asubuhi, niteremke Suneka, nimkute Nyaboke na baiskeli zote mbili, tuondoke saa sita tukalale Rongo. Niliamka nikakuta tenti uani. Nikakuta sufuria za kanisa, zile kubwa, akina mama wanamenya ndizi, kwaya wanajaribu sauti, na basi la kanisa limeegeshwa langoni likiwa na maua kwenye vioo. Nikadhani limeleta kwaya. Mama alitoka nyumbani amevaa kitenge kipya na kilemba chake, na sijawahi kumwona amependeza vile tangu nizaliwe. Nilimwambia amependeza. Akaniambia niende nikae mbele.

Watu wachache walijaza tenti wakabaki wengine wamesimama kwenye migomba. Simu yangu ilichukuliwa na baba mdogo, eti nisisumbuliwe. Saa sita ikafika, ikapita. Kila nikiinuka kidogo mtu ananikalisha na sahani. Mwishowe mzee wa kanisa akasema tusimame tuombe, tukainamisha vichwa, akaombea familia, akaombea nchi niendayo, akawaombea watu weupe nitakaoishi nao, halafu akasema, "Na Bwana, mshike rubani mkono."

Nilifungua macho katikati ya maombi. Rubani wa nani?

Niliangalia lile basi. Niliangalia baba mdogo na jaketi lake mkononi. Niliangalia pakiti ya Kemunto. Vitu vyote vikaanza kujipanga kichwani kimoja baada ya kingine, nikaelewa watu hawa wananisindikiza Marekani, na nimechelewa, kwa sababu amina ilikuwa imeitikwa na mama yangu ndiye alikuwa ameshika maiki.

"Mnanijua," mama akasema. "Kila mtoto wa hapa akienda ng'ambo, mimi ndiye nachota maji. Mimi ndiye nasonga ugali. Wanawe Mama Duke walipoenda, wote wawili, nilipika mimi. Nilifurahi nao, sikuwa na neno. Lakini nilikuwa naenda nyumbani najiuliza, Nyasae, Mungu wangu, mimi nitapikiwa lini?" Akanyoosha mkono kuelekea zile sufuria. "Leo nimepikiwa."

Watu wakapiga makofi, na Mama Duke mwenyewe akampigia kigelegele huku ameinua simu anarekodi. Mama akanipa maiki niseme neno. Jamani, nililia pale hata kabla sijafungua mdomo, na watu wakadhani ni uchungu wa kuachana, wakanilia pia. Nikasema, "Ndugu zangu, Afrika Mashariki ni eneo pana." Sijui kwa nini nilianzia hapo. Nikasema kuna mipaka mingi ya nchi yetu, na kwamba si kila safari ni ya angani, na nikaona baba mdogo anamgeukia jirani yake kumuuliza ninasema nini, na hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Wakati huo pikipiki ikaingia langoni. Mwenye kuendesha alikuwa na abiria mmoja, na huyo abiria alikuwa ameishikilia baiskeli yangu begani, matairi juu. Nyuma yao akaja Nyaboke akiendesha yake, jasho linamtiririka, helmeti kichwani, suruali imembana vile imembana, akapita katikati ya tenti mpaka mbele akafunga breki.

"Moraa, mbona hushiki simu?" akasema, na maiki iko mdomoni mwangu kwa hivyo watu wote walisikia. "Nimekungoja Suneka mpaka nimechoka. Tanzania tutafika lini na tumekaa hivi?"

Wa kwanza kuongea alikuwa shangazi kutoka Nyaramba. Aliinuka, akaitazama ile baiskeli kwa makini, akauliza, "Na hii pia inaingia kwenye ndege?"

Nilimgeukia mama. Uso wake haukuwa na hasira, afadhali ungekuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao kwa mbali. Upande wa nyuma nikasikia mtu anacheka, mwingine anamfuata.

Mama akakikaza kitenge chake kiunoni.

"Hiyo Tanzania," akaniuliza mbele ya watu wote, "mnavuka mpaka?"

"Tunavuka, Mama. Pale Sirari."

"Pasipoti uko nayo?"

"Niko nayo."

Akachukua maiki. "Basi ni nje," akawaambia watu. "Wanaocheka wacheke wakikula, wali unapoa. Tukimaliza tunamsindikiza. Basi si limejazwa mafuta?"

Kumbe lile basi lilikuwa la kunipeleka uwanja wa ndege Nairobi. Watu walikula (niseme ukweli, walikula kuliko kawaida, kwa sababu sasa walikuwa na la kuongea), halafu wakapanda. Mimi nilivaa suruali yangu ya kubana nikijificha nyuma ya choo, nikavaa sketi juu yake, nikapanda baiskeli. Mama alinifungia mzigo kwenye keria kwa mikono yake, lile jaketi, unga, chupa za maji, nguo, na nani angemkatalia siku hiyo? Shangazi alichomoa pakiti ya Kemunto taratibu, akasema hapana, yeye atangoja mtu wa ndege. Mpaka leo hilo linaniuma.

Basi tukatoka. Mbele mimi na Nyaboke, nyuma basi la kanisa mwendo wa konokono, kwaya inaimba madirishani, nyuma ya basi pikipiki zinapiga honi, watu sokoni wametoka madukani wanauliza ni harusi ama ni mwanasiasa. Hapo tambarare nilijaribu. Lakini baada ya soko kuna mlima, na mazoezi yangu yote nilifanyia Suneka, ambako ni tambarare. Niliyumba kushoto, nikayumba kulia, jaketi likanivuta nyuma, na mbele ya kanisa lote baiskeli ikasimama. Nyaboke naye alikuwa ameshashuka, ameketi ukingoni, anapumua.

Mlango wa basi ukafunguka na akina mama wakateremka. Mmoja akashika keria, mwingine kiti, mwingine akanisukuma mgongo, wakiimba bado, wakanipandisha huo mlima nimekaa juu ya baiskeli kama mgonjwa anapelekwa zahanati, huku Mama Duke anakimbia kando akirekodi. Mkono uliokuwa mgongoni ulikuwa wa mama.

Juu kabisa wengine walirudi kwenye basi. Yeye akabaki amejishika kiuno, anahema.

"Ungeniambia ni baiskeli," akasema.

"Ungekataa, Mama."

"Ningekataa." Akajipangusa jasho na ncha ya kitenge. "Ningekataa wiki nzima, halafu ningezoea. Na singewaambia watu nimepikiwa."

Hakuna kitu nimewahi kuambiwa kikanichoma hivyo. Alirudi kwenye basi bila kugeuka, nami nikateremka upande wa Kisii nikilia na upepo, nikiogopa breki.

Mbeya hatukufika, msiniulize. Magoti ya Nyaboke yalikataa tukiwa Singida, tukarudi na basi, baiskeli zimefungwa juu. Lile jaketi lilikuwa godoro zuri. Nilikuta nyumbani jina langu limeshabadilishwa.

Siku hizi nikienda hata Keroka kununua sabuni, namwambia mama naenda Keroka, naenda na miguu, naenda kwa sababu ya sabuni, na anayetaka kuniombea ajue hivyo. Mama huwa anasema, "Haya, Marekani." Anasema bila kucheka.

Juzi tulikuwa kwenye chai tena, yeye mstari wake, mimi wangu, na Mama Duke ng'ambo ya ua ameinama. Mama akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama likizo hii niko. Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti ile natumia darasani, "Hapana, Mama. Naenda Uganda. Naenda na baiskeli. Mimi na Nyaboke, tunaingilia Busia, na tukichoka tunarudi."

Nikangoja aninyamazishe. Mama alichuma kidogo, akatupa majani kikapuni, akaangalia upande wa ua.

"Rudia," akasema. "Hapo kwa baiskeli, sidhani Mama Duke amesikia vizuri."