Nyota Mbili kwenye Dot ya Donatien

Nina hasira mpaka leo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, mtu wa kukaa nyumbani ambaye siku moja aliyotolewa nje alikwenda kuchafua dot, sherehe ya mahari, ya mdogo wake mbele ya wakwe wote wa Kamalondo.

Baba mdogo, msemaji wetu, alikauka sauti asubuhi ileile, na Donatien, huyo mdogo wangu, akataka niseme mimi eti kwa sababu nasomaka sana (ninachosoma ni simu, kitandani). Ningesema yale ya kila dot, kwamba tumeona ua katika bustani yenu, yangeisha. Lakini wiki nzima nilikuwa natazama mambo ya nyota, basi nikasimama nikaeleza kwamba kuna nyota kubwa sana ambayo mwanga wake wenyewe unasukuma upepo kutoka mwilini mwake, na ikiwa peke yake upepo huo unatawanyika pande zote, lakini ikiwa na mwenzake wa karibu, yule mwenzake anauvuta, unapinda, unakuwa mzito upande wake. Niliona uzuri wa ndoa hapo. Niliuona peke yangu.

Bibi harusi ni Clémence; shangazi yake akaniuliza polepole:

"Kumbe mutoto wetu anakuya kula upepo ya ndugu yako?"

Mwenye akili angekaa. Mimi nikasahihisha: si lazima aule, ila wakati mwingine mwenzake huwa nyota iliyokwisha kufa, na hiyo ndiyo inayomeza vizuri zaidi.

(Kufa. Kwenye dot.)

Baba mkwe akaamuru vitenge vyetu na sukari virudishwe mlangoni. Na kwa desturi msemaji hajirekebishi, neno lake ni neno la ukoo, kwa hiyo nilibaki nimesimama kama nguzo ya umeme huku dada yetu mkubwa akipiga magoti na kuahidi mbuzi wa amende, faini ya maneno yangu.

Walikubali, kwa shida. Clémence alipoleta maji ya kunawa akainama kwangu, naye amekasirika:

"Shemeki, na ule mwenzake, ye hana upepo yake?"

Anao! Nyota zote mbili zikiwa kubwa, pepo zao zinagongana katikati, na hapo panawaka moto wa ajabu. Nilijua, jamani. Nilijua na sikusema.

Sasa kwenye shughuli za ukoo nabeba viti. Mtu akiniuliza neno, hata jina langu, namtuma kwa dada.