Mzinga Uliobaki Bila Mti

Tumbaku inayokauka hunukia kama asali inayoungua. Siku ya kwanza ni harufu tamu. Kufikia siku ya tano imekaa kooni na hata ugali unaula kwa shida. Kwetu Ulyankulu, mwaka nilipokuwa darasa la nne, harufu hiyo ilitoka kwenye bani la Baba, kijumba kirefu cha udongo ambamo majani ya tumbaku huning'inizwa juu na moto huwaka chini karibu wiki nzima. Moto ukizimika katikati, majani huwa meusi na hakuna mnunuzi anayeyagusa.

Msimu ule Baba alijaza bani pomoni akiwa na kuni za nusu ya kazi. Alitegemea msitu, na msitu ulikuwa umeshakwisha. Sisi wenyewe tuliuingiza kwenye bani, mwaka baada ya mwaka. Nyuma ya nyumba ulibaki myombo mmoja mkubwa, kwa sababu ulibeba mzinga wa gome ambao Mama aliachiwa na baba yake. Kwetu mti wenye mzinga haukatwi. Hata mgomvi wako huuzunguka. "Fuata nyuki ule asali," Mama alipenda kusema, na Baba ndiye aliyetukataza kuurushia mti ule hata jiwe.

Siku ya tano, asubuhi ya mvua, kuni ziliisha. Baba akatoka na shoka. Mama alikuwa amemtangulia mtini.

"Baba Adela, nyuki wana makinda humo."

"Na mimi nina watoto."

Jirani aliyekuja kusaidia kukata akacheka. "Shemeji, nyuki hawakaushi tumbaku!"

Mama alijifunika khanga, akawafukizia nyuki moshi, akaushusha mzinga kwa kamba yeye mwenyewe. Adhuhuri myombo ulikuwa chini. Ulipoingizwa motoni, mbichi na umelowa, ulitoa povu na moshi. Baba alijua kuni mbichi hazina joto. Nadhani alijua tangu anainua shoka. Tulipofungua bani, majani yote yalikuwa meusi. Mchuma janga hula na wa kwao: mwaka ule dada yangu Adela aliacha shule. Nyuki walizunguka kisiki siku kadhaa, kisha asubuhi moja kukawa kimya.

Sasa naishi Tabora mjini, napikia gesi, na kila mkutano tunahimizwa kuacha kuni na mkaa. Mwezi uliopita nilimpelekea Mama mtungi. Anachemshia chai tu. Maharage, anasema, yangeumaliza. Kwa maharage huokota mabua na vijiti, mwendo wa saa nzima. Baba aliacha tumbaku. Anapanda miche ya miombo ambayo hatakaa kivulini mwake. Bani limebaki ukuta mmoja, na hapo ndipo Mama ametundika mzinga wake. Kila mwaka hupaka nta mpya mlangoni mwa mzinga ili kuwaita nyuki. Nilimuuliza kama wamewahi kurudi.

"Huwa nawasikia," alisema, akipangusa nta vidoleni. "Wanapita tu."