Kombe la Mlangoni

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka hata leo kana kwamba ule msumeno bado nausikia. Alikuja kwetu Takaungu kijana mtafiti wa bahari, akamwamkia mama kwa adabu zote, kisha macho yakamganda mlangoni. Pale palikuwa na gamba la kombe wa baharini, kubwa kuliko sinia la pilau, tukilitilia maji ya kuoshea miguu. Marehemu baba alilichimbua timboni alikokuwa akichonga mawe ya kujengea, ndani ya jiwe, mbali na pwani. Kwa mama, hilo ndilo lililobaki la mumewe.

"Mama, niruhusu nilikate katikati, nione lilivyojengwa ndani," kijana akasema.

Lo! Nilimrukia kama kuku mwenye vifaranga. "Toka! Kakate cha babako!"

Mama akanitazama. "Zena, nyamaza. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Babako akilipapasa hili kila jioni, akijiuliza kombe wa bahari kaingiaje ndani ya jiwe. Kafa hajajibiwa." Akamgeukia kijana. "Kata, mwanangu."

Likakatwa kwa msumeno. Mama alijifunika kanga usoni akalia, lakini hakumzuia.

Baada ya miezi kijana akarudi na nusu zote mbili, ndani zimejaa mistari myembamba. Akatwambia kombe hujenga gamba lake tabaka kwa tabaka kutokana na maji anamoishi. Ndani ya gamba mna oksijeni ya aina mbili, nzito na nyepesi. Maji yakipoa ile nzito huzidi, yakipata moto hupungua. Akakishika kidole cha mama, akakipitisha juu ya mistari. "Hapa kaskazi, maji ya moto. Hapa kusi, yamepoa. Kaskazi tena. Na jiwe lile ni matumbawe ya kale; bahari yenyewe, mama, ilikuwa juu ya timbo lenu."

Maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita, kabla hajatokea mtu wa kuipa misimu hiyo majina!

"Subhanallah," mama akanong'ona. Mwili wote ulinisisimka, na nikikusimulia unanisisimka tena. Kumbe kila siku tulikuwa tukipita na ndoo vichwani juu ya sakafu ya bahari, wala hatuna habari.

Kesho yake mama akaichukua nusu moja, akaisimika kichwani pa kaburi la baba. Akainama. "Haya, Baba Zena, umejibiwa. Kombe hakwenda popote. Bahari ndiyo iliyoondoka."

Basi, mwanangu, cha marehemu usikifungie ukasema ndiyo mapenzi. Swali aliloliacha nalo ni urithi; litafutie jibu, hata likikutoza kitu ukipendacho. Usilolijua ni usiku wa giza. Mola akufumbue macho uone kilicho chini ya nyayo zako, na akupe moyo wa kuustahimili msumeno. Amin.