Kuku wa Shukrani

Newala nzima ilimjua Bibi Dominika kwa mwarobaini wake. Tangu hospitali ianze kudai mchango, miaka ile ya tisini, uwanja wake haukukauka watu. Aliyepona homa alirudi na kuku wa shukrani, na bibi, mwenye maringo yake, hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Majani haya yamechunguzwa, bibi," Oscar, tabibu wa zahanati, alimwambia siku moja. "Kwenye chupa za maabara yanaua vijidudu vya malaria. Ila kwa mgonjwa, ushahidi bado hautoshi. Hao wasioleta kuku, wamepatwa na nini?"

"Wachoyo tu hao, mwanangu. Shukrani ya punda mateke!" Akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Kisha Pili akashikwa na homa, mjukuu pekee aliyeachiwa na marehemu binti yake. Bibi akachemsha majani kwa maji yaliyotekwa bondeni, akamnywesha asubuhi na jioni. Siku ya tatu mtoto alitapika kila kitu, macho yamemlegea. Bibi aliogopa, aliogopa sana, wala hakumwambia mtu. Alimwacha mtoto na jirani yake Isabela, akakamata jogoo, akaenda sokoni kumuuza apate sukari ya kupunguza uchungu wa dawa. Ishuke tu tumboni, alijisemea, itafanya kazi.

Sokoni akakutana na Mama Alfredi, mwanamke wa kijiji cha mbali, aliyewahi kumletea mwanawe mwenye homa kabla ya msimu wa korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Alfredi kanenepa mpaka mmenisahau? Kuku wangu yuko wapi?" Alitania, lakini moyoni aliomba aambiwe mtoto ni mzima.

Mama Alfredi akatazama chini. "Alfredi tulimzika, bibi. Siku ya nne ya dawa yako."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Ningekuja na nini? Aliyefiwa haleti kuku."

Jogoo akaponyoka, bibi hakumfuata. Alirudi nyumbani mbio na uzee wake, akiwakumbuka mmoja mmoja wale aliowaita wachoyo: mapacha wa Siti, mke wa Gasper, binti wa Nanganga. Walikuwa wengi kuliko kuku wote wa uwanjani.

Alimfunga Pili mgongoni, akashika njia ya hospitali. Mtoto alikuwa wa moto, halii tena, na kesho ilikuwa siku ya nne.